Paneli za kitambaa za kumeza sauti: mwongozo kamili wa kuzitengeneza na kuzifunga ukutani

Chumba chenye kuta za tofali zilizopigwa lipu, sakafu ya vigae na madirisha ya alumini ni imara na rahisi kusafisha, lakini kwa masikio ni adhabu. Watu sita wakizungumza mezani, neno la kwanza halijazima la tatu limeshatoka, na aliye upande wa pili wa simu husikia kama mkutano unafanyika ndani ya pipa. Kuvalisha ukuta kitambaa ni dawa nzuri ya tatizo hilo, ila wengi huishia kununua sura tu. Kitambaa peke yake karibu hakimezi kitu. Kazi yake ni kupendeza na kupitisha hewa; sauti humezwa na tabaka nene la nyuzi lililo nyuma yake.

Jambo jingine la kuweka wazi kabla ya kutoa hela: kumeza sauti si kuzuia sauti. Paneli hizi hupunguza mvumo na mwangwi ndani ya chumba. Hazitazuia jenereta ya jirani wala muziki wa baa iliyo ng'ambo ya barabara. Hiyo ni kazi ya ukuta mzito, mlango uliojaa na kuziba nyufa. Na trei za mayai? Hazifai kwa lolote kati ya hayo mawili. Ni karatasi nyembamba, humeza kidogo sana, na hushika moto upesi.

Hesabu kwanza

Mwaka 1895, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Clement Sabine alipewa ukumbi wa mihadhara ambao maneno hayakusikika. Alihamishia humo mito ya viti vya ukumbi mwingine, akawa anapima sauti inachukua muda gani kuzimika. Fomula aliyoipata bado inatumika: muda wa mvumo ni sawa na 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa jumla ya umezaji.

Chukua chumba cha mikutano cha mita 5 kwa 4, urefu wa kwenda juu mita 3. Ujazo ni mita za ujazo 60. Kuta zina mita za mraba 54, sakafu 20, dari 20. Lipu na vigae humeza takriban 0.02, yaani sehemu 2 kati ya 100 za sauti inayozigonga, kwa kila mita ya mraba, dari ya jipsamu takriban 0.05. Jumla ni karibu 2.5. Mvumo: 9.66 ÷ 2.5, karibu sekunde 4 chumba kikiwa kitupu. Kwa mazungumzo tunataka sekunde 0.6, yaani umezaji wa 16.1. Pengo ni 13.6.

Pamba ya mawe (nyuzi zinazotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa) ya milimita 50 humeza takriban 0.9 kwenye masafa ya sauti za usemi. Kwa hiyo 13.6 ÷ 0.9 ni mita za mraba 15. Sasa jaribu kwa kitambaa chenye mgongo wa felti ya milimita 4 kinachobandikwa kwa gundi, ambacho kiwango chake ni karibu 0.2: utahitaji mita 68, na chumba chote kina kuta za mita 54. Hapo ndipo unapoona kwa nini watu hubandika ukuta mzima halafu wakasema kitu hiki hakifanyi kazi. Kitambaa cha kubandika kina nafasi yake, kwa mfano kwenye korido au chumba ambacho tayari kina zulia na makochi, lakini hakiponyi chumba kinacholia.

Samani na watu pia humeza, kwa hiyo mita 15 ni makadirio ya usalama. Kwa muziki hesabu hubadilika: unene wa milimita 50 hauwezi besi, na utahitaji milimita 100 au zaidi, hasa kwenye kona.

Ukuta upi na wapi

Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia mtetemo wa haraka kama "trrr", kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti. Usivalishe hizo mbili zote ukaacha nyingine. Valisha kuta mbili zinazokutana kwenye kona moja, ili kila jozi ya kuta zinazotazamana iwe na upande mmoja laini. Katika mfano wetu ni ukuta mmoja wa mita 5 na mmoja wa mita 4, ule usio na mlango wala dirisha.

Anzia sentimita 80 kutoka sakafuni na uishie mita 2.6. Sikio la mtu aliyekaa lipo karibu mita 1.2, na chini ya sentimita 80 ni eneo la migongo ya viti, ufagio na maji ya kudekia.

Vifaa

Tunatengeneza paneli 7, kila moja sentimita 120 kwa 180: nne kwenye ukuta wa mita 5 zikiachana sentimita 4, tatu kwenye ukuta wa mita 4 zikiachana sentimita 10. Jumla ni mita za mraba 15.12. Upana wa 120 haukuchaguliwa ovyo. Vitambaa vingi vya makochi huja kwa upana wa sentimita 150, na paneli inakula 120 za mbele, 10 za ubavuni na 10 za kukunjia nyuma, jumla 140.

- Mbao mbili kwa mbili (inchi) za futi 12: 12. Saba zitatoa vipande 14 vya sentimita 180, tano zitatoa vipande 14 vya sentimita 110 na kimoja cha ziada.
- Mbao moja kwa mbili za futi 12: 3, kwa ajili ya mihimili ya katikati.
- Mbao moja kwa nne za futi 12: 2, za kuning'inizia.
- Pamba ya mawe, vipande vya sentimita 120 kwa 60, unene milimita 50, uzito wa kilo 40 hadi 80 kwa mita ya ujazo: 21, nunua 23.
- Kitambaa cha juu, upana sentimita 150: mita 14, nunua 16 kutoka jora moja.
- Kitambaa chepesi kisichofumwa, kile kinachoshonewa mifuko mbadala, chenye upana usiopungua sentimita 140: mita 28.
- Skrubu za milimita 100 kwa fremu, gundi nyeupe ya mbao, fisha (vishikio vya plastiki vya kuingizia skrubu ukutani) za milimita 8 na skrubu 5 × 80 zipatazo 30.
- Stepla ya mafundi wa makochi na pini za milimita 10, boksi moja la 5000.

Mbao mbili kwa mbili ikishapigwa randa mara nyingi hubaki milimita 45 au 44, na pamba ni 50. Ukiunganisha hivyo, kila paneli itakuwa na tumbo. Ama nunua mbao zisizopigwa randa na usugue upande wa mbele tu, ama bandika ukanda wa plaiwudi ya milimita 6 nyuma ya fremu. Nenda dukani na tepu, upime mbao yenyewe, usisikilize jina lake.

Mbao ziwe kavu na zimetiwa dawa ya mchwa. Ile dawa ya kijani au kahawia huvuja rangi kwenye kitambaa cheupe msimu wa unyevu ukifika, kwa hiyo paka fremu koti moja la rangi nyeupe ya maji na uiache ikauke kabisa kabla ya kuivalisha.

Kuchagua kitambaa

Weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila kusukuma, kinafaa. Ikigoma, kirudishe hata kama rangi yake umeipenda: sauti nayo itagonga na kurudi. Vitambaa vingi vya makochi vimepakwa mpira au plastiki kwa nyuma, navyo hufeli hapa. Ngozi bandia hufeli zote.

Poliesta iliyofumwa ndiyo chaguo la kawaida, hasa pwani. Vitambaa vya pamba na kitani hunyonya unyevu. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja kitambaa cha pamba kilichokazwa vizuri Januari kinaweza kuwa kimelegea na kufanya mawimbi wakati wa masika. Kitenge kinapendeza sana na hupitisha hewa, lakini upana wake hautoshi paneli ya sentimita 120. Kitumie kwa paneli nyembamba, na ukifue kabla ili kisinywee ukutani. Juti ya gunia nayo hupumua vizuri, ila hupukuta nyuzi na hushika moto kwa urahisi.

Kuhusu moto, hapa hakuna mzaha. Usitumie sponji ya godoro mahali pa pamba ya mawe kwa sababu eti ni rahisi na inapatikana. Februari 2003, katika klabu ya The Station, jimbo la Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa kuzuia kelele, watu 100 wakafa. Januari 2013 yakatokea karibu yaleyale katika klabu ya Kiss huko Santa Maria, Brazil, wakafa 242. Sponji ya poliurethani huwaka kwa kasi na moshi wake una sumu ya sianidi. Pamba ya mawe haiungui. Kwa kitambaa, omba chenye cheti cha kuzuia moto, kisha hakikisha mwenyewe: kata ukanda mdogo, nenda nje, ushike kwa koleo, uwashe kiberiti na kukiondoa. Kizuri huzima chenyewe baada ya sekunde chache. Kikiendelea kuwaka na kudondosha matone ya moto, kiache. Kwa ukumbi wa umma, badala ya kile kitambaa chepesi cha ndani tumia tishu ya nyuzi za kioo, na muulize mtu wa zimamoto kabla ya kuanza.

Kukagua ukuta

Lipu mpya iachwe angalau wiki nne. Ukuta wa zamani upimwe unyevu: bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50 kwa tepu pande zote nne, uiache saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta unatoa maji. Tafuta chanzo kwanza, iwe bomba, bafu la upande wa pili au maji yanayopanda kutoka msingini. Paneli juu ya ukuta wenye maji ni shamba la ukungu, na harufu yake hutokea kabla ya doa.

Weka alama za njia za nyaya. Kwa kawaida waya hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi. Usitoboe kwenye mstari huo, wala usifunike soketi kwa paneli. Panga upya nafasi za paneli uipishe.

Fremu

Kata vipande viwili vya 180 na viwili vya 110 kwa kila fremu. Vya 110 vinakaa kati ya vile virefu, ndipo upana unakuwa 120. Toboa kwanza kwa drili ya milimita 3.5, la sivyo ncha ya mbao itapasuka. Paka gundi, kaza skrubu mbili kila kona. Pima kona kwa kona: pande zote mbili zisome sentimita 216.3. Zikitofautiana zaidi ya milimita 3, sukuma ile kona ndefu kabla gundi haijakauka. Fremu iliyopinda kidogo haionekani ikiwa peke yake, lakini zikipangwa nne ukutani ile nafasi ya sentimita 4 huanza na tatu juu na kumalizia na tano chini, na kila anayeingia ataiona.

Mhimili wa katikati, moja kwa mbili iliyosimama ubavu, uingie sentimita 110 na urudi nyuma milimita 5 kutoka uso wa mbele. Bila mhimili, mvuto wa kitambaa utazipinda zile mbao ndefu kwa ndani. Ukiwa sawa na uso, utajichora kwenye kitambaa.

Viringisha kingo za mbele kwa msasa namba 80 kisha 120. Kingo kali hukata nyuzi polepole, na mwaka mmoja baadaye unaona mstari mweupe pembezoni.

Kujaza

Vaa glovu, mikono mirefu na barakoa. Pamba ya mawe huwasha. Ikikushika, osha kwa maji ya baridi kwanza bila kusugua.

Valisha uso wa fremu kitambaa chepesi, ukikikaza kiasi tu na kukistepla nyuma. Hiki huzuia vumbi la nyuzi lisitoke na huficha rangi ya pamba isionekane kupitia kitambaa chembamba. Geuza fremu. Kata pamba kwa kisu kirefu chenye meno, kile cha mkate, ukizidisha sentimita 1 kwa upana na urefu ili ijibane yenyewe. Kila nusu ya fremu inakula kipande kimoja chenye upana wa sentimita 60 na ukanda wa karibu 24. Vipande vitatu vinatosha paneli moja. Ingiza kwa kiganja kilichonyooka hadi iguse kitambaa chepesi, usiishindilie. Pamba iliyoshindiliwa hubana hewa, na sauti humezwa pale hewa inaposuguana na nyuzi. Funga nyuma kwa kitambaa chepesi kingine.

Kuvuta kitambaa

Fungua jora siku moja kabla ndani ya chumba kilekile, kiyoyozi kikiwa katika hali yake ya kawaida. Kata vipande vya mita 2, na kila kipande ukichore mshale wa chaki upande wa nyuma kuelekea juu. Vitambaa vingi vina mlalo wa manyoya. Paneli moja ikigeuzwa itaonekana kama imetoka jora jingine taa zikiwashwa.

Tandika kitambaa kifudifudi mezani au juu ya shuka safi, weka fremu juu yake, sawazisha uzi mmoja unaoonekana na ukingo wa mbao. Anza katikati ya upande mrefu, pini tatu. Nenda upande wa pili, vuta kwa kiganja kizima, pini tatu. Kisha juu na chini vivyo hivyo. Baada ya hapo songa kutoka katikati kwenda kona, sentimita 15 upande huu, 15 upande ule, pini zikiachana sentimita 3. Anayemaliza upande mmoja wote kabla ya kugusa mwingine hupata mawimbi ya mshazari ambayo hayaondoki mpaka afungue upya.

Vuta kwa kufuata uzi, usivute kwa mshazari. Piga pini kwa mlalo kidogo dhidi ya uzi, zishike nyuzi nyingi badala ya kukata moja. Kama unatumia stepla ya hewa, punguza mgandamizo mpaka mgongo wa pini ukae juu ya kitambaa bila kukikata. Geuza paneli uikague kwa tochi ukimulika kutoka ubavuni kabla ya kufika kona. Pini kumi za kung'oa sasa ni afadhali kuliko mia baadaye. Kidole kikikandamiza katikati, uso ubonyee kidogo na kurudi mara moja.

Kona: acha sentimita 10 bila pini kila upande. Vuta ncha ya kitambaa kuelekea katikati ya paneli, pini moja, kata ziada ubakishe sentimita 2, kisha kunja upande wa juu na wa pembeni vikutane kwenye ukingo. Mkunjo ukae juu au chini, si ubavuni unaoonekana.

Kuning'iniza

Pasua ile mbao ya moja kwa nne kwa urefu, msumeno ukiwa umelala digrii 45. Unapata vipande viwili vinavyoumana. Kata sentimita 90 kwa kila paneli. Kimoja kifungwe nyuma ya mbao ya juu ya paneli, mdomo ukitazama chini. Mwenzake ukutani, mdomo ukitazama juu. Paneli ina uzito wa takriban kilo 15, kwa hiyo ukutani tumia fisha nne, tundu la milimita 8, kina milimita 60. Kwenye tofali zenye matundu ya ndani fisha fupi huzunguka tu. Tumia ndefu, au hamisha tundu mpaka ushike saruji.

Piga mstari mmoja wa pima maji kwa ukuta mzima, usipime kila paneli kutoka sakafuni, maana sakafu hudanganya. Nyuma ya mbao ya chini weka vipande viwili vya milimita 25 ili paneli isimame wima. Ile nafasi ya hewa ya milimita 25 ni faida. Karibu kabisa na ukuta hewa haisogei sana, na kadiri pamba inavyosogea mbele ndivyo inavyokamata masafa ya chini zaidi, yaani sauti nzito. Mahali penye panya, ziba nafasi hiyo chini na pembeni kwa wavu mwembamba.

Piga kofi tena. Ile "trrr" iwe imekwisha. Ikibaki, mara nyingi ni kati ya sakafu na dari, na hapo zulia chini ya meza litamaliza kazi.

Kusafisha: mashine ya kuvuta vumbi yenye brashi laini, kila miezi michache. Doa ligongwe kwa kitambaa chenye unyevu, lisisuguliwe. Usipulizie rangi, wanga wala dawa ya kuzuia uchafu inayoziba vitundu.